Jinsi ya kuandika tyuni safi kwa solfa ya kwenye simu, kwa wanakwaya wa Mtwara na Lindi

Huku kusini kwaya nyingi zinasoma solfa, iwe Mtwara mjini, Masasi, Ndanda, Nachingwea au Lindi, na siku hizi nota zinarushwa WhatsApp kuliko zinavyotolewa fotokopi. Mwalimu anachapa d r m f s l t kwenye simu, anatupia kwenye grupu, jioni watu wanakuja mazoezi wameshaangalia. Hiyo tayari ni nota ya maandishi matupu, haitaki mistari mitano wala programu ya kununua, na mimi naamini kabisa kwamba ndo msingi bora tulionao wa kuandika hata zile sauti ambazo kinanda hakina. Kinachopungua ni alama chache tu. Sasa hapa naeleza alama hizo, jinsi ya kuzichapa bila simu kuziharibu, na jinsi ya kuhakikisha kwa sikio na kwa futi kwamba ulichoandika ndicho kinachoimbwa.

Tuanze na tyuni safi yenyewe. Sauti ni mtetemo unaojirudia mara kadhaa kwa sekunde, ndo ile Hz. Sauti mbili zikiwa na uwiano wa namba ndogo, tuseme 3 kwa 2 au 5 kwa 4, zinakaa pamoja zimetulia. Kinanda hakijatyuniwa hivyo, kinanda kimegawa okteva vipande 12 vilivyo sawa, kila kipande senti 100, ili mpiga kinanda ahamishe do popote anapotaka bila kutyuni upya. Faida ni kubwa na siikatai, ila kinacholipa ni mi, la na ti, hizo zinakaa juu kuliko zinavyotakiwa. Chukua d ya 264 Hz. Mi safi ni 330. Mi ya kinanda juu ya d hiyohiyo ni kama 332.6. Unaona kama tofauti ndogo, lakini ndani ya kila sauti kuna hamoniki, yaani sauti ndogo za juu zinazolia mara 2, 3, 4, 5 na kuendelea ya Hz yake. Ndani ya d kuna hamoniki ya 5 inayolia 1320, na ndani ya mi kuna hamoniki ya 4, ambayo ikiwa safi nayo inalia 1320 hiyohiyo, ikiwa ya kinanda inalia kama 1330, kwaiyo zinagongana mara kumi hivi kwa sekunde. Ule mtikisiko ndo unaousikia kwenye kinanda ukishikilia d na m kwa muda mrefu. Kwaya nzuri ikiimba bila kinanda mtikisiko unaondoka wenyewe, manake masikio yanatafuta pale panapotulia.

Na hili si jambo geni kwa watu wa solfa. Solfa tunayotumia ilitengenezwa Uingereza, Sarah Glover akaanza, John Curwen akaikuza na kuisambaza karne ya 19. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz, kwenye kitabu chake kuhusu sauti kilichotoka mara ya kwanza 1863 na kuongezwa baadaye, aliwasifu waimbaji wa solfa aliowasikia London kwa kuimba sauti za asili kabisa pale wanapoachwa bila ala. Kwaiyo solfa na tyuni safi zimejuana zamani.

Hii hapa solfa safi, d ikiwa 264. Nimechagua 264 kwa sababu namba zinatoka kamili na l inaangukia 440. Safu ya mwisho ni tofauti na kinanda ambacho do yake imewekwa sawa na d yako, kwa senti.

```
nota  uwiano   senti    Hz     kinanda
d     1/1        0.0   264.0     0.0
rv    10/9     182.4   293.3   -17.6
r     9/8      203.9   297.0    +3.9
m     5/4      386.3   330.0   -13.7
f     4/3      498.0   352.0    -2.0
s     3/2      702.0   396.0    +2.0
l     5/3      884.4   440.0   -15.6
t     15/8    1088.3   495.0   -11.7
d'    2/1     1200.0   528.0     0.0
```

Ukitaka kupata senti za uwiano wowote mwenyewe, laza simu ili kalkuleta ifungue vitufe vya ziada, alafu piga log ya uwiano, gawa kwa log ya 2, zidisha 1200. Basi. Kipimo hiki cha senti alikileta Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885, na ndicho hichohicho programu za kutyunia gitaa zinachoonyesha kwenye sindano.

Kwanini kuna r mbili

Angalia tena hiyo orodha, kuna r na kuna rv. Hapa ndo moyo wa somo lote, ukielewa hapa mengine yote ni kuchapa tu.

Re inakaa kwenye akodi mbili muhimu. Ikiwa na s na t, inatakiwa iwe 9/8, ili kutoka s ya chini kupanda hadi r iwe 3/2 safi. Ikiwa na f na l, inatakiwa iwe 10/9, ili kutoka r hadi l iwe 3/2 safi. Namba hazikubali moja itumike kote, ukichukua r ya 9/8 ukaiweka chini ya l ya 5/3 unapata 40/27, senti 680, na akodi inatetemeka vibaya. Tofauti kati ya re hizo mbili ni 81/80, senti 21.5, na ndo inaitwa koma.

Kama senti 21.5 hazikuingii akilini, fanya hivi. Tafuta ubao wa kama mita moja, nunua mshipi wa kuvulia pale sokoni, ufunge huku na huku ukazwe sawasawa, weka vijiti viwili chini ya mshipi vilivyoachana sentimita 90 kamili. Upigie huo mshipi mzima, hiyo ndo d. Sasa chukua kijiti cha tatu, kiingize chini ya mshipi kiwe kinaugusa tu bila kuunyanyua, alafu pima kwa futi ya fundi kuanzia kijiti cha upande unaopiga. Kwenye sentimita 80 unapata r. Kwenye 81 unapata rv. Sentimita moja kamili, unaiona kwa macho, unaisikia kwa sikio. Endelea, m iko kwenye 72, f 67.5, s 60, l 54, t 48, d' 45. Mi ya kinanda ingekuwa kwenye 71.4, yaani milimita sita pembeni, na ukikisogeza kijiti taratibu kutoka 71.4 kuja 72 huku mwenzio anashikilia d kwa mdomo utasikia mahali pa kutulia penyewe, huhitaji mtu akuambie. Mimi kila anayeniuliza habari za tyuni namuanzishia kwenye ubao kabla ya hesabu yoyote.

Alama zenyewe

Mtunzi wa Kimarekani Ben Johnston alikuwa anaanza na ngazi hiihii safi, alafu anapandisha koma kwa alama ya kujumlisha na kushusha kwa alama ya kutoa. Wazo zuri sana, ila kwetu ile kistari tayari ina kazi, ndo ya kushikilia sauti. Ukiandika r- mtu atashikilia. Kwaiyo mimi natumia ^ kwa kupanda koma moja na v kwa kushuka koma moja, zinafanana na mshale wa juu na wa chini, na hakuna nota ya solfa yenye v kwa hiyo haichanganyi. Inagandishwa nyuma ya nota bila nafasi, rv, l^, f^. Ukitaka koma mbili unarudia, r^^.

Mpangilio ni huu, nota kwanza, alama ya koma inafuata, namba kama ipo (nitaieleza), alama ya okteva mwisho. Kwa hiyo rv' ni re ya chini ya okteva ya juu, na s, ni so ya okteva ya chini. Usibadilishe mpangilio hata kama unajua mwenyewe unamaanisha nini, kwa sababu anayesoma kwenye simu ndogo gizani akitoka shamba la korosho hana muda wa kukisia. Zile nota zilizobadilishwa (ma ni mi iliyoshushwa, fe ni fa iliyopandishwa, ta ni ti iliyoshushwa) nazo lazima ziwe na uwiano unaojulikana, mimi naweka ma 6/5, fe 45/32, ta 16/9, na naziandika juu ya nota kila wimbo zinapotokea. Mstari wa kwanza wa nota uwe na do ni ipi na Hz yake, kama hivi, Do=C d=264. Bila huo mstari senti zote hazina pa kushikia.

Hesabu yake ni kuzidisha tu. ^ maana yake zidisha 81/80, v maana yake zidisha 80/81. r ni 9/8, zidisha 80/81 inatoka 10/9. l ni 5/3, zidisha 81/80 inatoka 27/16, hiyo ndo l^, na ndo la inayokubaliana na r ya juu. Ukijua hivyo unaweza kumjibu yeyote anayekuuliza kwenye grupu "Mwalimu, hapo re ipi?" bila kubahatisha, unaangalia nani anashika nini kwenye akodi unagawanya, namba zikiwa ndogo umepatia.

Sasa kuchapa. WhatsApp ina tabia zake. Nyota inanenepesha maandishi, mstari wa chini unayalaza, ile alama ya wimbi inayakata katikati, kwa hiyo hizo tatu usizitumie kwa chochote kwenye nota. Zima ile sahihisho otomatiki, vinginevyo rv inageuzwa kitu kingine na herufi ya kwanza ya kila mstari inakuwa kubwa. Simu nyingine pia zinageuza alama ya ' kuwa iliyopinda, siyo tatizo kwa msomaji ila ni tatizo ukija kuingiza kwenye kompyuta. La muhimu kuliko yote ni zile alama tatu za ``` mwanzo na mwisho wa meseji, zinafanya herufi zote ziwe na upana mmoja, sauti nne zinakaa chini ya zenzake, la sivyo besi anasoma pigo la tena (sauti ya tenor).

Mfano, ndo huu, nimetunga mfupi wa akodi tano ambazo ziko kwenye nyimbo kibao za kanisani:

```
Do=C  d=264
S |s  :l  |l  :s  |s  :- ||
A |m  :m  |f  :r  |m  :- ||
T |d  :d  |rv :t, |d  :- ||
B |d  :l, |rv :s, |d  :- ||
```

Mfuatilie besi hapo, yeye ndo mwenye mtihani. Kwa okteva yake d ni 132 Hz. Anashuka l, vizuri, anapanda rv ambayo ni 146.7, akodi inatulia kabisa na soprano aliyeshikilia l. Alafu anatakiwa aruke kwenda s,. Sikio lake linataka aruke 3/2 safi, na akilifuata anatua kwenye 97.8. Lakini s, ya wimbo ni 99. Hiyo 97.8 ni koma moja chini, na kwa sababu besi ndo sakafu, tena anamfuata, alto anamfuata, soprano naye anashuka bila kujua, d ya mwisho inatoka 130.4 badala ya 132. Kila mtu ameimba safi na mwenzake na bado wimbo umeshuka. Rudia ubeti huo mara tano mmeshuka senti 107, zaidi ya funguo moja ya kinanda. Zipo sababu nyingine za kwaya kushuka, pumzi mbovu, uchovu, mi zinazoimbwa kwa uvivu, lakini hii ni sababu ya kihesabu kabisa, na wanakwaya wanalaumiwa bure kwa kitu ambacho kimo kwenye nota yenyewe.

Dawa yake iko kwa soprano. Yeye anatoka l kwenda s, hatua ya 10/9, na s yake ni ileile aliyoanza nayo kwenye akodi ya kwanza. Mwambie soprano akumbuke s ya mwanzo na mwambie besi aiombe s, yake kutoka kwa soprano, asiitafute kutoka kwenye rv aliyoiacha. Alto naye akiona r isiyo na v wakati tena ametoka kuimba rv, ajue ni re nyingine, ya juu kidogo. Ndo maana nasisitiza kuandika v hata kama kila mtu angeiimba tu mwenyewe. Isipoandikwa, alto anaiga re ya tena aliyoisikia pigo lililopita, na hapo ndo koma inapoingia mlangoni.

Njia nyingine ni kuiacha r iwe 9/8 kote na kupandisha wenzake, unaandika akodi ya tatu kwa S l^, A f^, T r, B r. Nayo ni safi, lakini soprano aliyekuwa ameshikilia l sasa lazima aisogeze katikati ya sauti ndefu kwenda l^, inasikika kama anasita. Mimi naipendelea pale tu soprano anapoingia upya baada ya pumzi.

Fanya mazoezi haya kinanda kikiwa kimezimwa. Kinanda kikilia kitashinda, kina sauti isiyochoka na kila mtu ataenda kwenye mi yake ya juu. Umeme ukikatika mazoezini ndo wakati mzuri wa kuifanyia kazi mistari kama hii, wala msiondoke.

Namba 7

Kuna sauti ambazo koma peke yake haizifikii. Hamoniki ya 7 ya d, ukiirudisha ndani ya okteva, ni 7/4, senti 968.8. Ta ya solfa iko 996, ta ya kinanda iko 1000. Hakuna fimbo ya kinanda iliyo karibu na 968.8, iko senti 31 chini ya kile kifunguo cheusi. Hii si sauti ya maabara, muziki wa Wagogo wa Dodoma unajulikana kwa watafiti kuwa unafuata hamoniki za asili na ya 7 imo humo, ndo ile ladha ambayo ukijaribu kuipiga kwa kinanda inapotea.

Kuiandika, weka 7 nyuma ya nota. Maana ya 7 ni zidisha 63/64, yaani shuka senti 27.3. ta ni 16/9, kwaiyo ta7 ni 7/4 kamili, 462 Hz kwa d yetu ya 264, na kwenye ubao wa sentimita 90 iko 51.4 wakati ta iko 50.6. Wazo la kuweka namba tasa pembeni ya nota lipo kwenye mifumo mingine pia, mfano FJS (Functional Just System, mfumo mwingine wa kuandika tyuni safi) unaandika 7/4 ya C kama Bb yenye 7 juu yake, na ile 63/64 ni ileile. Nimeichukua makusudi ili mtu akitoka kwetu akaenda kusoma huko asianze upya.

Matumizi yake mazuri kwa kwaya ni akodi ya s inayotaka kurudi d. Kawaida unaandika s t r f. Ukiandika s t r f7 unapata uwiano 4:5:6:7, akodi inafunga kama mlango mzito na watu kanisani wanageuka. f7 ni 21/16, kwa d ya 264 ni 346.5 Hz. Itumie pale akodi inaposhikiliwa mapigo mawili au zaidi. Kama inapita haraka iache f ya kawaida, kwa sababu kutoka f7 kwenda m ni hatua fupi ya senti 84 na mwimbaji anayekimbia ataikosa tu.

Alama zinaungana. Ukitaka 7/6, ile ma ya chini yenye huzuni kuliko ya kawaida, chukua ma ya 6/5, shusha koma, alafu weka 7, inakuwa mav7. Zidisha uone, 6/5 mara 80/81 ni 32/27, mara 63/64 ni 7/6. Kama kawaida, v inakaa kabla ya namba.

Ya 11 nayo ipo, maana yake zidisha 33/32, senti 53 kwenda juu, kwa hiyo f11 ni 11/8, katikati ya f na fe karibu kabisa. Kwa kwaya sishauri, kwa gitaa lisilo na freti au kwa kompyuta ni tamu.

Kutoka kwenye simu kwenda kompyuta

Kama unataka usikie kabla ya kuwapa watu, kuna faili la maandishi linaitwa .scl, lilitoka kwenye programu ya Scala ya Mholanzi Manuel Op de Coul na sasa programu nyingi za maikrotono, yaani za sauti zilizo kati ya fimbo za kinanda, zinalisoma. Unaliandika kwenye notipadi ya kawaida:

```
! kwaya.scl
!
Solfa safi na nyongeza zake
 12
!
10/9
9/8
5/4
4/3
11/8
3/2
5/3
27/16
7/4
16/9
15/8
2/1
```

Mistari yenye alama ya mshangao mwanzoni ni maelezo tu, programu inairuka. Mstari wa kwanza usio nayo ni jina la ngazi, unaofuata ni idadi ya nota, na idadi lazima ilingane na mistari iliyo chini. 1/1 haiandikwi, inajulikana ipo, na mstari wa mwisho ndo okteva. Ukiweka mkwaju inasoma uwiano, ukiweka nukta inasoma senti, kwaiyo 386.3 ni senti na 5/4 ni uwiano. Ukisahau nukta ukaandika 386 itaelewa ni uwiano wa 386 kwa 1, utasikia kelele ya ajabu. Ukiwa na bando fungua Scale Workshop kwenye brauza, ni bure, bandika zile namba zenyewe kuanzia 10/9, inakupigia kwa kibodi ya kompyuta. Kwa kuwa hapa nota ni 12, ukiunga kinanda cha MIDI na nota ya msingi ikiwa C, zitajipanga kila fimbo moja moja, C ni d, fimbo nyeusi baada ya C ni rv, D ni r, nyeusi baada ya D ni m, na kuendelea, kwa hiyo usitegemee vidole vyako vya kinanda vikupeleke, soma orodha.

Wale wa studio mnaotumia MIDI, pichi bendi ikiwa kwenye mpangilio wa kawaida wa nusu tone mbili juu na chini, senti moja ni kama hatua 41, katikati ni 8192. Mi safi iko senti 13.7 chini, kwa hiyo 7631. Kila sauti iwe kwenye chaneli yake, bendi inagusa chaneli nzima.

Ngoma na ala za hapa

Jambo moja naliomba sana. Ukienda Newala au Tandahimba ukakuta mzee ana ala yake ya funguo ametyuni mwenyewe, usimlazimishie uwiano. Ala nyingi za Afrika hazikutengenezwa kwa 5/4 wala 3/2, zina mpangilio wake ambao fundi anaujua kwa sikio, na ukizungusha senti 355 ukaandika 5/4 kwa sababu inapendeza utakuwa umefuta kitu chake. Rekodi kila funguo peke yake, soma Hz kwenye tyuna ya simu, geuza kuwa senti kutoka kwenye funguo anayoiita ya mwanzo, andika zenye nukta kwenye .scl hivyohivyo zilivyo. Uliza anaziitaje funguo zake na uandike majina hayo kwenye mistari ya maelezo. Uwiano uandike tu pale mwenye ala mwenyewe, au hamoniki unazozisikia, zinapokuonyesha kwamba ndiyo.

Ukishamaliza nota ya kwaya, kabla ya kuituma chapa d ya wimbo kwenye programu ya kutoa toni, rekodi sekunde kumi kama voisi noti, itume juu ya nota. Kila sauti ichukue d hiyo nyumbani, ijipime mi yake iwe senti 14 chini ya sindano ya katikati, ikiwa d yao ni C ya kinanda. Kama ni 264 C itasoma senti 16 juu, mi itasoma 2 juu, na la itasoma sifuri kamili.